Chakula cha Marwa

Mwaka jana, mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zikianza, tulimzika Marwa nyumbani kwake, ng'ambo ya mji wa Migori, na mimi nikapewa kiti cha mbele pamoja na wazee wa ukoo wake. Mwanawe wa kwanza, ambaye sasa naye ana mvi, alinishika mkono akanipeleka penye kipaza sauti, akawaambia waombolezaji kwamba mzee huyu ni rafiki wa baba tangu ujana wao, na kwamba walicheza hoki pamoja. Pamoja, alisema, na mimi sikumsahihisha. Mwalimu mstaafu hakosi maneno, basi nikasema yangu kuhusu upole wa marehemu, kuhusu shule alizoziongoza, na jicho lake moja lililoona kuliko mawili ya wengine. Watu wakaitikia, akina mama wakafuta machozi, nikarudi kitini nikiona nimefanya vizuri. Kuna mwaka mmoja ambao huwa nauruka ninapowasimulia wajukuu zangu habari za chuo. Nawaambia mwaka wa kwanza, jinsi nilivyofika na sanduku la mbao kichwani, kisha nawaambia jinsi nilivyoajiriwa Oyugis, na mwaka wa pili wanadhani nilikuwa nasoma tu. Nauandika leo huo mwaka wa pili, na nauandika kwa aibu, kwa hiyo msomaji asitarajie nitajipamba.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa kilimani, juu ya Homa Bay, na kutoka dirisha la bweni letu uliiona ghuba yote mpaka inapopinda. Uhuru ulikuwa mchanga, watoto walikuwa wakimiminika shuleni na walimu hawatoshi, kwa hiyo tulijiona watu wakubwa kabla hatujamfundisha mtoto hata mmoja. Bweni lilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vya chuma pande mbili, na harufu yake naijua hadi leo: mafuta ya taa, sabuni ya mche, na omena, wale dagaa wa ziwani, ambao kila aliyetoka likizo aliwaficha sandukuni akidhani hawanuki. Mkuu wa chuo alikuwa Mwingereza ambaye wenzake walikuwa wamekwisha kurudi kwao, yeye akabaki, na aliamini kabisa kwamba mwalimu asiyeujua mpira wa magongo hajafunzwa. Magongo ya dukani yalikuwa machache, tukachonga mengine kwa powo, mti ambao wazee wetu walichongea fimbo. Sheria moja ilitushinda. Katika hoki ya siku zile, ukiinua gongo likapita bega umekosa, hata kama hujamgusa mtu, na refa anapiga filimbi. Sasa mwambie mtu aliyekulia nyuma ya ng'ombe, fimbo ikikaa begani mwake tangu alipoota meno ya pili, kwamba lazima apige bila kuinua mkono. Mazoezini filimbi zililia mpaka ndege wa kilimani wakazizoea.

Mwaka uliotangulia, chuo kimoja cha upande wa Migori kilikuja kwetu kikatufunga, na walipomaliza wakauzunguka uwanja wetu wakiimba kabla ya kupanda lori lao. Wengi wao walikuwa Wakuria, wengi wetu Wajaluo, na huhitaji mtu akueleze maneno ambayo vijana wa makabila hayo mawili hurushiana wakikasirika. Tangu siku ile bwenini hakukuwa na habari nyingine. Jioni, kila mtu akiikunja suruali yake na kuilaza chini ya godoro ili ipigwe pasi na mgongo wake, nilisikia wakipanga nani atamvunja nani. Kipa wetu, Ojwang', alilala kitanda cha jirani yangu. Alikuwa Msabato kama mimi, ila yeye alikuwa Msabato wa kusoma na kutenda. Alisema mara moja tu kwamba mpira ni mpira, akageukia ukutani. Mimi nilicheka pamoja na wale wengine, na nilicheka kwa sauti kuliko wote, kwa sababu nilikuwa mwembamba na nilitaka waniogope. Mtu mwembamba ana kazi kubwa ya kujionyesha.

Mechi ya marudiano ilipangwa kwao, Ijumaa mchana, ili sisi Wasabato tuwe tumerudi kabla jua halijatua na Sabato haijaingia. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, tukafika tumelowa na kutapakaa matope, hali tumekaa garini tu. Kila chuo kilitoa mwalimu mmoja kuwa refa, kila refa na nusu yake ya uwanja. Mwanzoni tulicheza mpira wa kweli. Halafu mmoja wetu akapigwa kifundo cha mguu, labda kwa bahati mbaya, nasi tukapata ruhusa tuliyokuwa tukiitafuta. Siku zile hakukuwa na kadi. Refa akiona umezidi alikutoa kwa muda, ukaenda kusimama nyuma ya goli lako mwenyewe mpaka atakapokuita, gongo mkononi, kama mtoto aliyetolewa darasani. Kabla ya mapumziko kulikuwa na wakati ambapo watatu wetu tulisimama huko kwa pamoja, na wenyeji nao walikuwa na wao nyuma ya goli la pili, hata uwanja ukaonekana una nafasi kama malisho. Mimi nilipelekwa huko kwa kukanyaga gongo la mtu na kumsukuma kwa bega. Wanafunzi wao walikuwa wamejipanga pale nyuma, wakanitungia wimbo papo hapo. Ojwang' alinisemesha kupitia wavuni, bila kugeuka, kwamba nikirudi nicheze mpira.

Nahodha wao alikuwa Marwa. Alicheza katikati, mrefu, miguu imepinda kidogo, hachoki wala hanyamazi. Alizungumza mchezo mzima, na wenzake, na mpira, hata na refa. Walipopata kona alikuja kuipiga karibu na pale niliposimama, akaniangalia, akaniuliza kwa upole kabisa: "Ndugu, huko nyuma unaona mpira vizuri?" Wenzake walicheka. Ojwang' naye, Mungu amsamehe, alicheka. Refa aliponirudisha uwanjani sikuutafuta mpira, nilimtafuta Marwa. Alinijia nao, akaupitisha kulia kwangu, yeye mwenyewe akapita kushoto, akauchukua mbele, kazi safi ambayo leo ningeipigia makofi. Nikamkimbilia. Wakati huo huo refa akapiga filimbi kwa kosa la watu wengine waliokuwa mbali nasi. Marwa akasimama na kugeuka, maana mtu aliyesikia filimbi husimama. Nimeulizwa mengi kuhusu siku ile, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama na mimi niliisikia. Niliisikia. Gongo langu likatoka begani, mahali lilipozoea kukaa, likampata kwenye jicho la kushoto.

Yaliyofuata hayakuwa mchezo. Magongo yote uwanjani yalipita mabega, wanafunzi wakaingia, refa wetu akapoteza kofia na filimbi, na refa wao akapigwa mgongoni na mtu ambaye hakujulikana. Ninachokumbuka vizuri ni Ojwang', akiwa na zile kinga zake kubwa za miguuni, amesimama juu ya Marwa miguu imeachana ili watu wasimkanyage. Refa wetu alipopata sauti yake alinitoa kabisa, si kwa muda. Aliniambia mbele ya vyuo vyote viwili kwamba mimi si mwalimu na si Mkristo. La kwanza halikunichoma.

Mvua ndiyo iliyowatawanya watu pale walimu waliposhindwa, na tulipokuwa bado tunatafuta viatu vyetu, dereva akarudi kutoka mtoni akasema maji yamefunika daraja, hatuendi popote. Basi tukalazimika kula na kulala kwa watu tuliowapiga. Mkuu wao, mzee mmoja mwenye kikohozi, hakutuhutubia. Alisema tu kwamba chakula ni wakati ule ule wa kila siku, na kila mgeni akae palipo na nafasi. Nafasi zilikuwa katikati yao, moja hapa, nyingine kule, nadhani ndivyo alivyotaka. Kijana wa kushoto kwangu alikuwa na mdomo uliovimba, na alinisogezea chumvi kabla sijapata cha kutia chumvi. Nilikaa karibu na kidirisha cha jikoni, nikawasikia wapishi wawili wakinong'ona kwamba ugali hautoshi, amebaki mgeni mmoja hajapata. Mmoja akauliza wafanyeje. Mwenzake akamjibu: "Mpe ya Marwa. Leo hali." Sahani ikapita kidirishani, ikasogezwa mkono kwa mkono mpaka kwangu, ugali na maharage yamelundikwa vizuri, ya nahodha. Nilikuwa na njaa tangu asubuhi. Niliimaliza yote, na yule kijana wa mdomo uliovimba akaniangalia nikiimaliza.

Asubuhi ya Sabato mvua ilikuwa imekatika na maji yamepungua. Mhudumu wa zahanati yao alisema jicho lile si la kutiwa dawa pale, lipelekwe hospitali ya Homa Bay bila kukawia kama linatakiwa kupona. Gari lilikuwa moja tu, lori letu. Sisi Wasabato wachache tulikuwa tumekusudia kubaki hadi Jumapili, lakini tukakubaliana kwamba kusafiri na mgonjwa si dhambi, na Marwa akaketishwa mbele na dereva, nusu ya uso imefungwa kitambaa cheupe. Tulivuka daraja salama. Upande wa pili lori likazama kwenye udongo mweusi, magurudumu ya nyuma yote mawili, na dereva akasema tushuke tusukume. Wenzetu Wakatoliki wakakunja suruali. Ojwang' akavua viatu. Mimi nikaenda kusimama kando, juu ya majani, nimevaa shati langu safi nililokuwa nimelibeba la kubadili baada ya mechi, nikasema siwezi kufanya kazi siku ya Bwana.

Ojwang' alinigeukia, viatu mkononi. "Okeyo, ng'ombe ametumbukia kisimani," akasema. "Bwana mwenyewe alisema atolewe, hata leo." Nikamjibu kwamba kila mtu ana dhamiri yake. Nimekuwa na miaka mingi ya kuichunguza dhamiri ile, na naweza kusema ilikuwa kitu gani. Nilikuwa nimeambiwa mbele ya umati kwamba mimi si Mkristo, nikawa natafuta namna ya kuonyesha kuwa huo ni uongo, na pale mtoni nikaipata, tena rahisi, isiyochafua hata soli ya kiatu. Kuomba msamaha kungenichafua zaidi. Basi nikasimama na mikono nyuma kama mzee wa kanisa, wenzangu wakisukuma na kuteleza, na lori likizidi kuzama. Ndipo mlango wa mbele ukafunguka. Marwa akashuka akipapasa, akauliza wanasukumia wapi, akaweka bega kati ya Ojwang' na ubao wa nyuma. Dereva alimgombeza arudi ndani, hakurudi. Lori likatoka, matope yakamrukia mpaka kwenye kile kitambaa. Aliporudi mbele alinipita palepale nilipokuwa. Hakuinua kichwa, sidhani kama aliweza, lakini alijua ni nani amesimama pale. "Ndugu, panda," akasema. "Gari limetoka." Nikapanda.

Jumatatu mkuu wa chuo alinisimamisha mbele ya chuo kizima akanipa adhabu mbili. Ya kwanza, nisiguse gongo tena mpaka nitakapoondoka chuoni. Ya pili, kila siku baada ya masomo, hadi mwisho wa mwezi uliokuwa unafuata, nichukue chakula jikoni kwetu nimpelekee Marwa hospitalini, maana wakati ule, kama sasa, aliyelazwa alishibishwa na ndugu zake, na ndugu za Marwa walikuwa mbali. Wenzangu walinihurumia kwa ile ya kwanza. Bwenini nilikuwa shujaa. Walinipa jina la sifa, kwa mtindo wetu ule wa kujigamba tunaouita pakruok, na kila nilipoingia walilitaja wakigonga vyuma vya vitanda. Naona haya kuliandika hapa. Siku zile sikuona haya, nilikuwa nikitembea polepole kati ya vitanda ili walimalize.

Wodi ya wanaume ilikuwa na sakafu nyekundu iliyong'arishwa mpaka wagonjwa wanaogopa kuikanyaga. Marwa alikuwa amefungwa macho yote mawili, kwa kuwa daktari alitaka lile zima litulie ili bovu nalo litulie. Siku ya kwanza nilijiandaa kutukanwa. Aliuliza ni nani, nikasema ni Okeyo, yule wa hoki, nikakwama. "Wa nyuma ya goli," akanimalizia, akauliza nimeleta nini. Nikasema ni ugali na omena. Akapapasa sahani kwa ncha za vidole. "Samaki wengi hivi, na wote wananitazama," akasema. "Heri siwaoni." Nilicheka, kisha nikashtuka kwamba nacheka. Tangu hapo ikawa hivyo. Nilimnawisha, nikamwekea sahani mapajani, nikamwelekeza mboga ilipo. Baadaye alinitaka nimwambie kuna nini dirishani, na nikimwambia ni ziwa tu alikasirika, akataka kujua ziwa la rangi gani, na mashua ngapi, na waliomo wanafanya nini. Alikuwa na mtihani wa mwisho mwaka ule, akaniomba nimsomee, basi nikawa nasoma madaftari yake kwa sauti, yeye akinisahihisha mahali nilipopasoma vibaya. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini. Kitanda cha pili alilala mvuvi mzee aliyevunjika nyonga, na mpwa wake, msichana aliyeitwa Akinyi, alikuwa akimletea chakula. Tulisalimiana tukaishia hapo. Nisidanganye, kulikuwa na jioni nilizozipenda. Kulikuwa na siku nilishuka kile kilima nikikimbia kwa sababu nilikuwa na jambo la kumchekesha.

Mwisho wa mwezi ukafika, Marwa akiwa bado amefungwa macho. Siku iliyofuata nilipotoka darasani nikapita jikoni, nikaona mpishi ameshapakua kama kawaida, bakuli limefunikwa, liko pale kidirishani linaningoja. Vijana walikuwa wakienda ziwani kuoga, wakaniita. Nikajiambia kwamba adhabu imekwisha. Sikujiambia kitu kingine, nimelitafuta neno jingine maisha yangu yote na halipo. Nilikwenda kuoga. Kesho yake nikawaza kwamba atakuwa ameudhika kwa kuwa jana sikuja, bora nimwache apoe. Siku iliyofuata aibu ilikuwa imeota mizizi, nikaona kwenda baada ya kukosa siku zote hizo ni vigumu kuliko kutokwenda kabisa, na baada ya hapo kila siku iliongeza ugumu wake. Ojwang' aliniuliza kama bado naenda. Nikasema ndiyo. Kama ningesema hapana angekwenda yeye. Mpishi akaacha kupakua. Nilipotumwa mjini kununua chaki nilizunguka nyuma ya soko, nikijipaka tope la mitaro ya samaki, ili nisipite mbele ya lango la hospitali. Baadaye sana nikasikia kwamba ametoka, kwamba jicho la kushoto halikuokoka, na kwamba mtihani ataufanya. Sikuuliza alikuwa akila nini.

Desemba nilikuwa nyumbani nikingoja kupangiwa shule, mtu akaja na ujumbe kwamba ninatakiwa kwenye boma moja upande wa Ndhiwa, kuna mgeni kutoka Migori ananitaja. Nilikwenda nikiamini naitwa kushtakiwa. Nikamkuta Marwa amekaa kwenye nyumba ya watu, kavaa koti la kuazima, na baba zake wadogo wawili, na mbele yao wazee wa ukoo wa Akinyi. Niliuona uso wake bila kitambaa kwa mara ya kwanza tangu gongo lile. Jicho moja lilikuwa limefumba, la pili lilinichekea. Wazee walikuwa wameuliza swali ambalo kwetu haliwezi kurukwa: mtu hatoki tu njiani akaingia kwenye nyumba ya watu kutaka msichana, lazima awe na jagam, mtu wa katikati anayezijua pande zote mbili, aliyemwonyesha nyumba na anayeweza kumsemea. Na huyu alikuwa mtu wa kabila lingine, walimhitaji jagam zaidi. Marwa akaninyooshea mkono. "Jagam wangu ni huyu," akasema. "Ndiye aliyenipa Akinyi."

Nilidhani ni mzaha wake. Nilielewa hivi: gongo langu lilimpeleka hospitalini, hospitalini akampata msichana, basi amegeuza kisasi kuwa kichekesho, na mimi nimesamehewa bila kuomba. Nilicheka. Wazee wakaniuliza kama ninamjua kijana huyu kuwa mtu mwema, na hilo niliweza kulijibu kwa moyo wote. Wakanipa kiti cha jagam na nyama ya jagam. Akinyi alileta maji ya kunawa, na alipofika kwangu alinitazama zaidi kidogo kuliko inavyompasa msichana anayechumbiwa, akapita. Tangu siku ile Marwa hakuniita Okeyo tena. Nilikuwa jagam kwenye mikutano ya walimu, jagam mbele ya wakaguzi, na kila alipochinja Krismasi alinitumia fungu. Mara kadhaa alianza habari za wodini, na mimi nikiziona zinakuja nilizikata, nikauliza mvua zikoje kwao. Nilikizoea cheo kile, nikakaa ndani yake kama mtu anavyokaa kwenye kiti alichopewa.

Siku ya maziko, watu walipoanza kutawanyika, Akinyi alituma nikaitwe ndani. Alikuwa ameketi kwenye mkeka chumbani kwake, amejifunga kitambaa cheusi, wake wa ndugu za mumewe wamemzunguka, na alinisemesha kwa Dholuo, lugha yetu, ili maneno yabaki kati yetu. Alisema nimehutubia vizuri. Mimi, nikitaka kumfariji, nikasema mumewe alikuwa na huruma ya ajabu, kumfanya jagam mtu aliyempofua, eti kwa sababu pigo ndilo lililomfikisha wodini.

"Ulidhani ni kwa sababu ya gongo?" akauliza.

Nikasema ndivyo nilivyodhani siku zote. Akawa anaukunja na kuukunjua ukingo wa kitambaa chake, na sauti yake haikuwa ya kulaumu. Alisema siku ile ya kwanza nilipokosa kuja Marwa alingoja mpaka wageni wa wodi walipoambiwa waondoke. Yeye Akinyi akamgawia chakula cha mjomba wake, Marwa akakataa, akasema kuna mtu wake yuko njiani. Kesho yake akamletea sahani yake mwenyewe kutoka nyumbani, akaikataa nayo. Akasema Okeyo anashuka kile kilima kila siku na mzigo mkononi, akija akakuta mtu ameshiba atavunjika moyo. Alikuwa anakunywa uji wa asubuhi wa hospitali, basi. Kila mlango uliposikika aligeuza uso upande huo.

"Ikafika mahali mikono inamtetemeka," Akinyi akasema. "Nikaona huyu atakufa akikungoja. Nikamwambia kwamba Okeyo ana mitihani, hawezi kutoka, na hiki chakula kinatoka kwake, amenituma mimi nimletee. Ndipo akala. Nikawa naleta kila siku, na kila siku ananiambia nikusalimie."

Wale wanawake wengine walikuwa wakizungumza Kikuria chao polepole, na nje mtu alikuwa akipanga viti vya kukodi kimoja juu ya kingine. Nilimwuliza kama baadaye, wakiwa mume na mke, miaka yote hiyo, hakuwahi kumwambia ukweli.

"Hapana," akasema. "Alimpenda sana yule Okeyo."